Kumngojea Mtoto wa Kwanza

Msomaji, vitabu vingi vya historia utakavyopewa shuleni husimulia vita, safari za majahazi, mikataba na kurithiana kwa wafalme. Yafaa kuyajua hayo yote. Walakini kila mfalme na kila mpagazi aliyepata kutajwa katika vitabu hivyo alizaliwa na mwanamke, na kabla ya kuzaliwa kwake palikuwa na majuma kadhaa ambayo nyumba nzima ilikaa ikingoja. Majuma hayo nayo yana historia yake. Imeandikwa kidogo mno, kwa sababu walioshika kalamu mara nyingi hawakuwa wao waliobeba mimba. Nataka tuipitie pamoja, hasa kwa habari ya mwanamke amngojeaye mtoto wake wa kwanza, maana huyo yuko mbele ya njia ambayo hajapata kuipita, wala hapana mtu awezaye kumwambia kwa hakika itakuwaje.

Tuanze nyumbani. Katika miji ya pwani yetu ilikuwa desturi, na kwa watu wengi ingali desturi, kwamba mwanamke mwenye mimba ya kwanza hurudi kwa wazazi wake mimba ikiwa pevu, akajifungua huko, na kukaa huko hata arobaini yake iishe. Mume hakuona kwamba amenyang'anywa mke. Alijua kwamba siku ile mkewe atataka kumwona mama yake kuliko kumwona mtu mwingine yeyote. Mkunga alikuwa amekwisha kuzungumzwa mapema. Alikuwa jirani au jamaa, mtu mzima aliyezaa mwenyewe na kuwazalisha wengine, na mara nyingi mikono yake ndiyo iliyompokea huyu mwenye mimba alipozaliwa. Kanga kuukuu zilifuliwa, zikaanikwa, zikakunjwa, kwa kuwa kanga iliyochakaa ni laini kuliko mpya kwa ngozi ya mtoto mchanga. Kuni za kuchemshia maji zilipangwa, na mafuta ya nazi yakawekwa. Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa upande wa Bagamoyo, aliyaona mambo ya namna hiyo kuwa yanastahili kuandikwa: kitabu chake cha desturi za Waswahili, kilichopigwa chapa Ujerumani mwaka 1903, kinasimulia habari za mimba na uzazi pamoja na habari za ndoa, biashara na sheria.

Bara kulikuwa na desturi nyingine. Katika jamii nyingi watu hawakutayarisha nguo za mtoto kabla hajazaliwa, wala hawakupenda kumtaja sana, kwa kuogopa kumtangulia Mungu katika jambo ambalo bado halijatimia. Lakini tofauti hizo zote zilikutana mahali pamoja: hapana aliyetaka mwenye mimba ya kwanza awe peke yake. Katika hilo wazee wetu walikuwa na busara ambayo hospitali za siku hizi zimeanza kuirudia, zinapomruhusu mama au dada wa mzazi kukaa naye wakati wa uchungu.

Si kila desturi ilikuwa njema. Katika sehemu nyingi za Afrika ya Mashariki mwenye mimba alikatazwa mayai, pengine na nyama na maziwa, na siku zilipokaribia alipunguziwa hata chakula cha kawaida. Sababu iliyotolewa ni kwamba mtoto akinenepa tumboni atashindwa kutoka. Usicheke, msomaji. Mfikirie kwanza mkunga asiye na kisu cha kupasulia, asiye na dawa ya usingizi, wala hospitali iliyo karibu. Mtoto akikwama kwa siku mbili, mkunga yule alijua ya kuwa huenda makaburi yatakuwa mawili. Mtu aliye katika hali hiyo hutafuta lolote awezalo kulifanya kabla ya siku yenyewe, na jambo moja lililokuwa mkononi mwake ni sahani ya chakula.

Tena wazo hilo halikuwa la wazee wetu peke yao. Katika mwaka 1889 daktari mmoja wa mji wa Hamburg, katika Ujerumani, jina lake Ludwig Prochownick, aliwashauri madaktari wenzake kwamba mwanamke mwenye nyonga nyembamba apunguziwe vyakula vya wanga, sukari na vinywaji katika majuma sita ya mwisho ya mimba, ili mtoto azaliwe mwembamba. Miji ya Ulaya ya wakati ule ilikuwa na vichochoro vingi visivyopata jua. Wasichana waliokulia humo walipatwa na matege, na mifupa ya nyonga zao ikapindika isiweze kumpitisha mtoto. Kumpasua mwanamke tumbo kulikuwa bado ni jambo la hatari kubwa. Kwa hiyo daktari wa Hamburg, pamoja na vitabu vyake vyote, na bibi wa kijijini asiyejua kusoma, walifika mlango mmoja kwa njia mbili mbalimbali, kwa sababu wote wawili walikuwa wakimkimbia adui yule yule. Na wote wawili walikosea. Mama anyimwaye chakula hupungukiwa na damu, naye huiendea siku ya kutokwa na damu nyingi akiwa hana akiba. Na mtoto azaliwaye mdogo na dhaifu hufa upesi kuliko wenzake.

Aliyeuonyesha ulimwengu upande wa pili wa jambo hili alikuwa Mfaransa, Adolphe Pinard, mkuu wa hospitali ya wazazi iitwayo Baudelocque katika Paris. Wanawake waliomjia walikuwa watumishi wa nyumba, mafundi wa kushona na madobi, wengi wao hawana waume, nao walifanya kazi ya kusimama kutwa mpaka saa ile uchungu ulipowashika. Lakini mwaka 1892 mama mmoja, Marie Béquet de Vienne, alikuwa amefungua katika mji huo nyumba ya hifadhi kwa wanawake wenye mimba wasio na msaada, wapumzike humo hata wajifungue. Pinard aliona kwamba sasa amepata makundi mawili ya kulinganisha. Hakutunga dawa wala hakubuni chombo cha ajabu kwa kazi hii, alitumia mizani. Aliwapima watoto wa wanawake waliofanya kazi hata siku ya mwisho, akawapima watoto wa wale waliopumzika, na mwaka 1895 akatangaza kwamba watoto wa waliopumzika walikuwa wazito zaidi kwa gramu 200 na ushei. Wala mama zao hawakushindwa kuwazaa kwa ajili ya uzito huo.

Mimi naiona hesabu hiyo kuwa kubwa kuliko vita vingi tunavyovisoma, maana iliingia katika sheria. Uswisi ilikuwa imetangulia kuwazuia wanawake wasifanye kazi viwandani siku za kuzaa, kwa sheria ya mwaka 1877. Ufaransa yenyewe ilitoa sheria ya mapumziko na posho mwaka 1913. Kisha mwaka 1919, katika mkutano wa kwanza wa Shirika la Kazi Duniani uliofanyika Washington, yalikubaliwa mapatano ya kwamba mwanamke aweza kuacha kazi majuma sita kabla ya kujifungua, na asirudishwe kazini mpaka majuma sita yapite baada yake. Hapa Kenya sheria ya ajira ya mwaka 2007 humpa mama likizo ya miezi mitatu kwa mshahara kamili. Lakini angalia, msomaji, ni nani sheria hiyo inamfikia. Inamfikia mwenye mwajiri. Mwanamke alimaye shamba lake, au auzaye mboga sokoni, au atekaye maji mtoni kwa mtungi, hana wa kumwandikia barua ya kuomba likizo. Yeye hupumzika ikiwa mtu mwingine wa nyumba ile ameushika mtungi.

Kula na kupumzika ni jambo moja. Jambo la pili, lililokuwa gumu zaidi, ni kuiona hatari kabla haijatokea. Pana ugonjwa uitwao kifafa cha mimba. Hupenda zaidi kuwapata wenye mimba ya kwanza, na huja zaidi katika miezi ya mwisho. Mwanamke aliyekuwa akizungumza na kucheka huanguka, akatetemeka viungo vyote, akazimia, pengine asizinduke. Watu wengi, huku kwetu na kwingineko, walidhani ni pepo. Katika mwaka 1843 daktari wa hospitali ya Guy's, London, aitwaye John Lever, alichukua mkojo wa wanawake waliopatwa na kifafa hicho, akauchemsha, akaona unaganda kama ute wa yai. Basi ilidhihirika kwamba mwili ulikuwa umeanza kuharibika ndani kimyakimya. Mwaka 1896 Mwitaliano Scipione Riva-Rocci alitengeneza chombo cha kufunga mkononi kipimacho shinikizo la damu. Tangu hapo mtu aliweza kusoma habari ya kifafa majuma kadhaa kabla hakijaanguka, kama baharia asomavyo wingu.

Lakini nani angesoma, ikiwa mwanamke alimwona daktari mara ya kwanza siku ya uchungu? Ndivyo ilivyokuwa katika hospitali nyingi. John William Ballantyne wa Edinburgh, katika Uskoti, aliandika mwaka 1901 akiomba pawe na hospitali ya wanawake ambao siku zao bado. Hakuipata hospitali nzima. Alipewa kitanda kimoja. Nawaombeni mkiangalie kitanda hicho, kwa kuwa kliniki zote za wajawazito mnazozijua, pamoja na foleni zake na mabenchi yake, zilifuata nyuma yake. Kwa kweli Ballantyne alikuwa akimfikiria mtoto zaidi. Alikuwa mtaalamu wa vilema vya watoto walio tumboni, na faida ya mama ilikuja kama nyongeza. Hata hivyo ilikuja. Mwaka 1929 Wizara ya Afya ya Uingereza ilitoa utaratibu: mwenye mimba aonekane kila baada ya majuma kadhaa, na katika mwezi wa mwisho aonekane kila juma.

Hapo ungetazamia niseme kwamba vifo vya wazazi vikapungua. Havikupungua. Katika Uingereza kliniki hizo zilienea mwaka baada ya mwaka, na vifo vikabaki karibu pale pale hata katikati ya miaka ya 1930. Vilianza kuanguka zilipokuja dawa za salfa za kuua homa ya uzazi, kisha akiba ya damu ya kuwatia waliopungukiwa, kisha penisilini. Wala sisemi kwamba kliniki zilikuwa kazi bure. Ziligundua maradhi mengi na kuwaokoa watoto wengi. Lakini mlinzi amwonaye mwizi akitambaa ukutani, naye hana rungu wala hana wa kumwita, ameona tu.

Somo hilo tulilipata nasi, kwa gharama yetu. Katika Nairobi ya ukoloni, ambamo Wazungu, Wahindi na Waafrika walitibiwa mbalimbali, ilifunguliwa mwaka 1926 nyumba ya kuzalia kwa ajili ya wanawake wa Kiafrika katika mtaa wa Pumwani. Iliitwa kwa jina la Lady Grigg, mke wa Gavana Edward Grigg. Humo wanawake wa Kiafrika walifundishwa kazi ya ukunga wa hospitali. Pumwani leo ni mojawapo ya hospitali kubwa za uzazi katika Afrika kusini ya Sahara, na Wakenya wasiohesabika walitoa sauti yao ya kwanza humo. Lakini kwa mwanamke wa Turkana, au wa kando ya Mto Tana, habari za Pumwani zilikuwa kama habari za ng'ambo. Hata kliniki zilipofunguliwa wilayani, wengi waliozihudhuria kila mwezi walirudi kujifungua nyumbani, kwa sababu kliniki ilikuwa ya mchana na uchungu huja usiku.

Ndiyo maana haikuwa ajabu kwamba mwezi wa Februari mwaka 1987 mkutano mkubwa wa mataifa juu ya uzazi salama ulikutana Nairobi. Ulielezwa kwamba kila mwaka wanawake karibu 500,000 walikufa kwa ajili ya mimba na uzazi, na karibu wote walikuwa wa nchi maskini. Waliokutana walikusudia vifo hivyo vipungue kwa nusu ifikapo mwaka 2000. Mwaka ulifika na kusudi halikutimia.

Kosa moja lilikuwa katika kubahatisha. Kwa miaka mingi wataalamu waliwagawa wenye mimba mafungu mawili: huyu ni wa hatari, kwa kuwa ni mfupi, au ni mdogo wa umri, au ndiyo mimba yake ya kwanza; na huyu si wa hatari. Walipohesabu sawasawa waliona kwamba wengi wa fungu la hatari walijifungua salama, na wengi wa waliopatwa na msiba walitoka katika fungu la salama. Kwa hiyo ilibidi kusema wazi jambo ambalo wakunga wa kale walilijua na kuliogopa: kila mimba yaweza kugeuka. Na ikiwa kila mimba yaweza kugeuka, matayarisho hayawezi kuwa ya mwili wa mwanamke peke yake. Hapana budi kuitayarisha njia.

Mwaka 1994 Sereen Thaddeus na Deborah Maine waliandika juu ya ucheleweshaji wa namna tatu unaoua wazazi. Nitakueleza kwa mfano. Tuseme ni saa tatu ya usiku katika boma lililo mbali na barabara. Msichana wa miaka kumi na tisa, mimba yake ya kwanza, anatokwa na damu. Mumewe yuko mjini kazini. Mama mkwe, ambaye alizaa saba chini ya paa hilo hilo, asema tungoje kidogo. Na hapana mtu mwenye ruhusa ya kusema vingine. Hapo saa mbili zimekwisha. Simu ya mume ikapatikana, akakubali, lakini sasa hapana gari, mwenye pikipiki ataka fedha mkononi, na mto umejaa. Hapo saa nyingine tatu. Wakafika zahanati, mlinzi ndiye aliye macho, muuguzi ataamshwa, damu ya kumwongezea haipo, hospitali ya wilaya iko mbele. Hapana hata mmoja katika watu hao aliyemchukia msichana yule. Kila mmoja alitumia muda wake kidogo, na muda wote ulikuwa wa msichana.

Sasa utaona kwa nini siku hizi muuguzi wa kliniki humwuliza mwenye mimba maswali yasiyofanana na ya daktari. Utajifungulia wapi? Utakwenda na nani? Nauli imewekwa, na imewekwa wapi? Namba ya mwenye gari inajulikana na nani mwingine? Ni jamaa gani awezaye kutoa damu? Asipokuwapo mumeo, nani atasema twende? Swali hili la mwisho ndilo zito kuliko yote, nalo latakiwa lijibiwe mchana, watu wakiwa wametulia, mbele ya mama mkwe. Dalili za hatari nazo zatakiwa zijulikane na nyumba nzima: kutokwa na damu, kichwa kuuma sana, macho kuona ukungu, uso na mikono kuvimba, homa, maji kupasuka kabla ya wakati, mtoto kupunguza kucheza tumboni. Zimeandikwa katika kijitabu cha mama na mtoto. Katika nyumba nyingi mtu mwepesi wa kukisoma kijitabu hicho ni mwanafunzi wa sekondari, naam, wewe, ambaye dada yako au shangazi yako amekiweka juu ya kabati.

Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2016 kwamba mwenye mimba aonekane na wahudumu mara nane, na katika hizo, mara tano ni katika miezi mitatu ya mwisho. Nchini mwetu mambo yamebadilika kwa kiasi kisichodharaulika. Uchunguzi wa afya wa mwaka 2003 ulionyesha kwamba wazazi kama 40 katika kila 100 ndio waliojifungua katika hospitali au zahanati. Mwezi wa Juni 2013 serikali iliondoa malipo ya kujifungua katika hospitali za umma. Uchunguzi wa mwaka 2014 ulipata 61, na ule wa mwaka 2022 ulipata 82. Hata hivyo hesabu ya watu ya mwaka 2019 ilionyesha vifo 355 vya wazazi kwa kila watoto 100,000 waliozaliwa hai. Kufika mlangoni si kupona. Ndani ya mlango lazima pawe na mtu, na dawa, na damu.

Katika kaunti za kaskazini, ambako safari ya hospitali yaweza kuchukua siku nzima, baadhi ya vituo vya afya vimejenga nyumba ya kungojea ndani ya ua wake, nyingine kwa mfano wa manyatta. Mwanamke huja siku zake zikikaribia, pamoja na mama yake au dada yake; hupika chakula walichokizoea, hulala, huota jua, na muuguzi huvuka ua kumpima damu kila asubuhi. Waliozijenga walitaka kuifupisha njia. Lakini ukiingia katika nyumba kama hiyo utawakuta wanawake wakubwa wameketi pamoja na mdogo anayengoja, na kando yake bunda la kanga kuukuu, zimefuliwa na kukunjwa.